Kosma na Damiani katika Njia ya Misafara



Injili ya Dominika hii ya nne ya Kwaresima yatukumbusha nyoka wa shaba, ambaye Musa alimwinua jangwani ili kila aliyeumwa na nyoka amtazame apate kuishi. Wengi wetu tumeisikia habari hiyo tangu mafundisho ya Komunyo ya Kwanza, na kwa sababu tumeizoea hatuoni tena ajabu yake. Mungu angaliweza kuwaponya watu wake kwa neno tu. Lakini mgonjwa aambiwa atazame. Mtu ambaye sumu imekwisha kumwingia mwilini aelekeza macho kwenye kitu kilichofanywa kwa mikono ya mhunzi, na kitu chenyewe ni sura ya kile kile kilichomwuma.

Kwa hiyo leo twapenda kusema nanyi juu ya kutazama, yaani juu ya picha na sanamu ambazo Wakristo walizifanya zamani kwa ajili ya wagonjwa. Kisha juu ya wagonjwa na waganga wa njia yetu hii ya misafara, itokayo pwani, ikapita Tabora na Urambo, ikashuka hata Ujiji na Karema. Huenda mtu akasema kwamba mambo haya mawili hayana ukoo. Tunamwomba avumilie kidogo.

Katika vyuo vikuu vya Ulaya na Marekani wako watu wanaotumia miaka mitatu, minne, hata sita, wakiandika tasnifu ya shahada ya udaktari juu ya jinsi ugonjwa na uponyaji ulivyochorwa katika makanisa ya Karne za Kati, tangu mwaka 500 hivi hadi 1500. Mkulima wa tumbaku wa Urambo aweza kucheka akisikia kuwa mtu mzima hukaa akihesabu vidonda katika picha. Lakini maswali ya wasomi hao si ya kuchekwa. Huuliza: katika picha hii mgonjwa amewekwa mahali gani? Ni nani anayemgusa? Je, anayo sura yake na jina lake, au ni mwili tu wa kuonyeshea uwezo wa mwingine? Maswali hayo aweza kuyauliza hata katekista aliyesimama mlangoni mwa kigango chake.

Katika kisiwa cha Reichenau, kusini mwa Ujerumani, liko kanisa la Mtakatifu Georgi. Kuta zake zilichorwa yapata miaka 1000 iliyopita, na picha zake kubwa ni za miujiza minane ya Bwana. Mmoja tu ni wa dhoruba ziwani. Saba zilizobaki ni habari za wagonjwa na wafu: mwenye pepo, mwenye kuvimba mwili, kipofu tangu kuzaliwa, mkoma, kijana wa Naini, binti Yairo pamoja na yule mama aliyetokwa damu, na Lazaro. Waamini wengi wa wakati ule hawakujua kusoma. Walipoinua macho wakati wa Misa waliona nini? Hawakuona wafalme wala matajiri. Waliona watu wa kitandani na watu wa kaburini.

Hapo twapaswa kukumbuka hali ya mkoma wa siku zile. Alifukuzwa akae nje ya mji, na alipopita njiani alitakiwa kutoa sauti kwa pembe au kwa vibao ili watu wajitenge. Mahali pengine alisomewa sala zinazofanana na zile za maiti, angali yu hai. Mtaguso wa tatu wa Laterani, mwaka 1179, ulibidi uagize kwamba wakoma wapewe makanisa yao na makaburi yao wenyewe, kwa kuwa hawakuruhusiwa kuchangamana na wengine. Basi tazameni jambo hili: mtu ambaye miguu yake haikuweza kuingia kanisani, sura yake ilichorwa ukutani mwa kanisa, mahali ambapo kila mwenye afya ilimlazimu kumwona. Hatusemi kwamba wachoraji walikuwa na huruma kuliko watu wengine wa zamani zao. Huenda walifuata Injili tu, kama fundi afuatavyo kipimo. Hata hivyo Injili ilimrudisha ndani yule ambaye mji ulimtoa.

Picha hazikutosha kuwalinda. Mwaka 1321, katika nchi ya Ufaransa, ulienea uvumi kwamba wakoma wamekula njama ya kutia sumu visimani. Wakakamatwa, wakateswa mpaka wakakiri, na wengi wakachomwa moto. Waliowachoma walikuwa Wakristo waliobatizwa, waliokuwa wakisali mbele ya picha za Bwana akimgusa mkoma. Nasi wa Unyamwezi na Usukuma tusiwaonyeshe kidole upesi. Mtoto afapo kwa homa, mara ngapi mji mzima hukaa kuuliza si kilichomwua bali aliyemwua? Na mara ngapi jibu limekuwa ni bibi kizee mjane, ambaye macho yake yamekuwa mekundu kwa moshi wa kuni alizopikia wajukuu miaka 50? Mapanga yamefanya huku kwetu kazi ile ile ambayo moto ulifanya huko.

Picha moja ya wagonjwa inastahili tuseme habari zake kwa kirefu zaidi. Huko Isenheim, katika Alsace, palikuwa na monasteri ya watawa wa Mtakatifu Antoni, ambao kazi yao ilikuwa kuuguza. Ugonjwa waliouuguza uliitwa moto wa Mtakatifu Antoni. Leo twajua kuwa uliletwa na ukungu mweusi unaoota katika nafaka iitwayo rai. Maskini waliokula mkate wa nafaka hiyo walihisi kuungua ndani ya mifupa, kisha vidole na miguu vikawa vyeusi, vikakauka na kukatika, au vikakatwa na watawa. Kati ya mwaka 1512 na 1516 mchoraji Mathias Grünewald aliwafanyia picha kubwa ya altare yenye milango ya kufungua na kufunga, ambayo siku hizi iko katika mji wa Colmar, Ufaransa. Wagonjwa walipopokewa waliletwa mbele yake.

Waliona nini? Walimwona Kristo msalabani, lakini si yule Kristo mwenye ngozi laini tuliyemzoea katika kalenda. Mwili wake umejaa vidonda na miiba, rangi yake ni ya kuoza, vidole vyake vimekakamaa kwa maumivu. Na katika mlango mwingine wa altare, chini pembeni, yumo kiumbe mwenye tumbo lililovimba na majipu mwili mzima, amelala chali. Hakuna anayemhudumia. Mgonjwa aliyeletwa hapo hakuambiwa kuwa maumivu yake ni madogo, wala hakuambiwa kuwa ni adhabu. Alionyeshwa mwenzake. Hapo ndipo tunapoona jinsi nyoka wa shaba na msalaba vinavyokutana: aliyeumwa hutazama sura ya maumivu yake mwenyewe, imeinuliwa juu.

Desturi ya kuuguza kwa kutazama haikuwa ya Ulaya peke yake. Wakristo wa Ethiopia, ndugu zetu wa kale katika imani, wameandika tangu zamani sala za uponyaji katika ngozi ndefu zinazokunjwa, zenye picha za malaika na macho makubwa yaliyo wazi; ngozi hiyo hukatwa kwa urefu wa mgonjwa mwenyewe, ili imkinge tangu utosini hadi unyayoni. Na karibu nasi zaidi, Wasukuma na Wanyamwezi walikuwa na chama cha Bayeye, mafundi wa kukamata nyoka na kutibu walioumwa. Katika nyumba zao za mafunzo walichora kutani nyoka na watu wa hadithi za chama chao. Hans Cory, mtaalamu wa mila aliyetumikia serikali ya kikoloni, alitoa kitabu kizima cha michoro hiyo mwaka 1953. Wamisionari wengi hawakuipenda nyumba ya Bayeye, na sababu zao nyingine zilikuwa za haki, kwani mengi ya humo yalikuwa siri na viapo. Lakini mzee wa kijiji aliyeumwa na swila shambani, akapelekwa mbele ya ukuta uliochorwa nyoka, angeielewa Injili ya leo bila kufafanuliwa na padre.

Sasa tuje kwa watakatifu wawili ambao majina yao mmeyasikia mara nyingi bila kuuliza habari zao. Padre anapotumia Sala ya Ekaristi ya Kwanza, katika ile orodha ndefu ya mashahidi, hufika mwishoni kwa Kosma na Damiani. Mapokeo yasema walikuwa ndugu mapacha, waganga, waliouawa kwa ajili ya imani katika madhulumu ya mwanzoni mwa karne ya 4. Wagiriki waliwaita wasiopokea fedha, kwa sababu walitibu bure. Hilo peke yake lingetosha kwa mahubiri ya Dominika nzima, kwani nani kati yetu hajawahi kusimama mbele ya dirisha la zahanati huku mfuko ni mtupu? Papa Feliksi wa Nne, aliyeongoza Kanisa tangu 526 hadi 530, aliwawekea kanisa mjini Roma, nalo lipo hata leo.

Juu ya kanisa hilo kuna kisa kilichoenea Ulaya yote katika karne ya 13. Mtumishi mmoja wa kanisa alishikwa na donda ndugu mguuni, likala nyama mpaka mfupa. Usiku, usingizini, aliwaona Kosma na Damiani wakija na vyombo vya kazi na dawa ya kupaka. Mmoja akamwuliza mwenzake watapata wapi nyama ya kujaza mahali pa ile iliyooza. Mwenzake akajibu kwamba siku hiyo amezikwa Mwethiopia mmoja, yaani mtu mweusi, katika makaburi ya kanisa la Mtakatifu Petro wa Minyororo. Wakamkata maiti huyo mguu, wakampachika mgonjwa. Asubuhi mgonjwa akaamka mzima, ana mguu mmoja mweupe na mmoja mweusi. Watu wakaenda kaburini, wakaukuta mguu wenye donda umewekwa kando ya maiti.

Kisa hicho kilichorwa mara nyingi. Mwenyeheri Fra Angelico, Mdominikani wa Firenze, ambaye Papa Yohane Paulo wa Pili alimtangaza mwenyeheri mwaka 1982, alikichora yapata mwaka 1440 katika picha ndogo chini ya altare ya kanisa la Mtakatifu Marko. Chumba ni kitulivu, watakatifu wameinama juu ya kitanda, nao mguu mweusi waonekana wazi kwenye mwili mweupe. Ni picha yenye upole mwingi. Madaktari wa siku hizi, wanaopandikiza figo na ini, huipenda, nao huwataja Kosma na Damiani kana kwamba walikuwa watangulizi wao.

Nasi twaipenda, lakini twaitazama kutoka upande wa kaburini. Mtumishi wa kanisa ana kitanda, ana ndoto, ana watakatifu wa kumhurumia, na asubuhi ana furaha. Mtu mweusi ana mguu. Jina hana. Hakuna anayeuliza alikufa kwa ugonjwa gani, aliacha mke au mtoto, alifikaje Roma. Twaweza kusema kwa ajili ya msimuliaji kwamba maiti hahitaji mguu, na kwamba katika siku ya ufufuko Mungu atajua mguu upi ni wa nani. Ni kweli. Tena yako maelezo mema zaidi, kwamba mguu wa Mwafrika ulikubali kuwa mwili mmoja na Mroma, kitu ambacho katika siku zetu wako watu wasingependa kukisikia.

Lakini hadithi haikuishia hapo. Katika mji wa Valladolid, nchini Hispania, kuna sanamu ya ubao iliyochongwa katika karne ya 16, yenye kisa hicho hicho. Juu kitandani yuko mgonjwa mweupe na watakatifu wawili kazini. Chini, sakafuni, amelala Mwafrika. Naye hajafa. Mguu wake umekatwa angali hai, na uso wake wapiga kelele. Mchongaji hakupata jambo hilo katika kisa cha kale. Alilipata wapi? Katika karne hiyo Waafrika walikuwa wakiuzwa Lisboni na Sevilla, na meli zilikuwa zimekwisha kuanza kuwavusha bahari kwenda Amerika. Pengine mchongaji alichonga tu kile alichokiona kuwa cha kawaida, yaani mwili mweusi uliokuwapo kwa ajili ya kutumiwa, ambao haikuwa lazima kuungoja ufe.

Ndugu wasikilizaji, tusimwache mchongaji huyo peke yake. Katika mikoa yetu ya Tabora, Shinyanga na Mwanza, hasa tangu mwaka 2007, watu wenye ualbino wamevamiwa usiku na kukatwa mikono na miguu, wengine wakiwa watoto, wengine wakibaki hai kama yule wa sakafuni. Viungo vyao viliuzwa kwa wale waliotaka utajiri wa madini, samaki au kura. Januari 2009 Serikali ilifikia hatua ya kusimamisha vibali vya waganga wa jadi wote nchini. Waliokata walikuwa majirani. Wengine, kwa masikitiko yetu, majina yao yamo katika vitabu vya ubatizo. Katekista anayemwandaa mtoto mwenye ualbino kwa Kipaimara amfundisha mtoto anayejua kuwa viungo vyake vina bei.

Turudi nyuma, katika njia ya misafara, kwani hapo pia mwili ulikuwa na bei. Katikati ya karne ya 19 Tabora ilikuwa njia panda ya nchi yote ya ndani: pembe za ndovu na watumwa vilishuka pwani, vitambaa, shanga na bunduki vilipanda. Wapagazi wa Kinyamwezi walibeba mizigo ile miezi kwa miezi, mabega yakiota sugu, miguu ikitoboka. Ndui ilisafiri pamoja nao. Wazungu waliopita tangu mwaka 1857 wameandika jinsi walivyokutana na wapagazi wenye ndui wakiyumba njiani, na wengine wameachwa kando wafe, maana msafara haukusimama kwa ajili ya mtu mmoja. Hata madaktari waliugua. Livingstone, aliyekuwa tabibu, alikaa Kwihara karibu na Tabora tangu Machi hadi Agosti 1872 akingoja wapagazi. Mwaka uliofuata mwili wake ulipita hapo hapo, umebebwa na watumishi wake, ukienda pwani.

Wamisionari wa Afrika, ambao wazee wetu waliwaita Mababa Weupe, waliingia katika njia hiyo mwaka 1878. Padre Pascal, mkuu wa kundi la Tanganyika, alikufa kwa homa katika Mgunda Mkali kabla ya kuiona Tabora. Mwaka 1879 alifika Urambo Dakta Ebenezer Southon, wa Shirika la Wamisionari la London, akakaa katika nchi ya Mtemi Mirambo. Mirambo alikuwa mtu wa vita, lakini alijua thamani ya mganga, akampokea. Wagonjwa wakamjia. Baada ya miaka mitatu, risasi ya bahati mbaya ilimpiga Southon mkononi. Wenzake wakajaribu kumwokoa kwa kuukata mkono ule, wala hawakufaulu. Akafa Julai 1882, akazikwa Urambo. Mirambo mwenyewe aliugua koo, akafa tarehe 2 Desemba 1884. Kazi ya Southon na wenzake baadaye ilishikwa na ndugu zetu Wamoravian, mwaka 1898. Haikuwa kazi ya Kanisa letu, lakini kaburi la mganga aliyekufa akiwatumikia Wanyamwezi tunalihesabu kuwa letu pia.

Kardinali Lavigerie, mwanzilishi wa Mababa Weupe, alipoona jinsi homa inavyowamaliza vijana wake, alifikiri jambo ambalo wengi wa zama zake hawakulifikiri. Alitaka waganga wa Afrika wawe Waafrika. Mwaka 1881 alifungua nyumba katika kisiwa cha Malta, akawapeleka vijana waliokombolewa utumwani wakasome udaktari katika chuo kikuu cha huko, ili warudi wakiwa waganga na makatekista kwa pamoja. Tusifiche kwamba alikuwa na hesabu zake: Mwafrika asingekufa upesi kama Mzungu, na asingegharimu kama Mzungu. Lakini hesabu hizo zilizaa kitu kikubwa kuliko hesabu.

Kati ya vijana hao alikuwamo Adriano Atiman. Alizaliwa yapata mwaka 1866 karibu na Timbuktu, kando ya mto Niger. Angali mtoto mdogo alinyakuliwa na wezi wa watu, akavushwa jangwa la Sahara, akauzwa na kuuzwa tena, mpaka mapadre wakamnunua kusini mwa Algeria ili wampe uhuru. Alisoma, akabatizwa, akapelekwa Malta. Mwaka 1888 alikamilisha masomo yake akashika safari ya Zanzibar na njia ya misafara, na mwanzoni mwa 1889 akafika Karema, kando ya ziwa Tanganyika. Fikirini njia hiyo. Mtoto aliyevuka jangwa katika msafara wa watumwa, sasa mtu mzima, apita katika njia ile ile ambayo watumwa wengine bado wanashuka pwani, naye amebeba sanduku la dawa.

Alikaa Karema miaka 67. Alimwoa Agnes, binti wa Wabende, na mtoto wao Yosefu akawa padre. Alitibu vidonda, macho, homa, akapasua palipohitaji kupasuliwa, akazalisha, akafundisha katekisimu. Watu walimjia kwa miguu na kwa mitumbwi, kutoka pande zote mbili za ziwa. Mkoloni Mjerumani alikuja akaondoka, Mwingereza akaja, vita viwili vikuu vikapita, na katika miaka hiyo malale ikahamisha vijiji vizima vya magharibi. Atiman alikuwa pale pale. Uzeeni alipewa nishani, hata kutoka Roma. Alifariki mwezi wa Aprili 1956, akazikwa Karema.

Wasomi wanaotafiti picha za Karne za Kati hawatamkuta Atiman katika picha zao, kwa kuwa alichelewa kuzaliwa kwa karne nyingi. Lakini tukiweka sanamu ya Valladolid mbele yetu na maisha ya mtu huyu kando yake, twaona kwamba aliyelala sakafuni ameinuka. Mikono iliyo juu ya kitanda ni yake. Anayeugua, mweupe au mweusi, amelala mbele yake, na mganga hahitaji kumkata mtu mwingine ili amponye. Mapadre Wazungu wa Karema walipopatwa na homa, waliuguzwa na mtu aliyepata kuuzwa sokoni.

Tena jambo moja. Mwethiopia wa Roma hakuacha neno hata moja, wengine walimsimulia. Atiman aliandika mwenyewe habari za maisha yake, tangu siku alipoibwa, na habari hizo zilichapwa mwaka 1946, angali hai, katika jarida la Tanganyika lililosomwa na maofisa wa serikali. Aliwaandikia jina la kijiji chake.